Gari la Kijivu la Ilomba

Kwa miaka sita Lea aliingia kazini na kutoka bila kuonana uso kwa uso na mtu mmoja aliyefanya kazi mita mia mbili kutoka wodini kwake, isipokuwa mara moja tu. Haikuwa bahati. Ilikuwa kazi waliyoifanya kila siku, wote wawili, bila kuipanga kwa maneno.

Lea ni muuguzi mkunga katika hospitali moja jijini Mbeya. Ana miaka thelathini na minne. Alizaliwa Kalenga, nje ya mji wa Iringa, kwa wazazi Wahehe, Walutheri, wakulima wa mahindi na nyanya. Mtu aliyemkwepa ni Andendekisye, fundi wa mtambo wa oksijeni katika hospitali hiyo hiyo, Mnyakyusa wa miaka hamsini na tisa, mrefu, anayevaa kofia ya sufu hata mwezi wa Januari. Ni baba wa mume wake.

Kwa Wanyakyusa wanaoshika desturi, mke wa mtoto haonani uso kwa uso na baba mkwe. Hawali pamoja, hawapishani mlangoni, na hakuna anayetamka jina la mwenzake. Familia nyingi za mjini zimeiacha desturi hiyo au zimeilegeza. Wapo wakwe wanaowapelekea baba wakwe zao chai na kukaa kuwasimulia habari za kazini. Nyumbani kwa Andendekisye haikulegezwa. Siku tatu baada ya harusi mama mkwe, Yusta, alimkalisha Lea jikoni na kumweleza yote, kwa sauti ya mtu anayeeleza dawa inavyomezwa. Akamalizia na lile ambalo Lea hakulisahau: mke anayevunja desturi hii, tumbo lake halishiki.

Lea alikuwa na diploma ya ukunga. Alijua kwa nini matumbo hayashiki. Alicheka kidogo. Yusta hakucheka.

Alipohamishiwa hospitali hiyo, mzee alikuwa tayari ana miaka ishirini pale. Wiki ya kwanza tu utaratibu ukajitengeneza. Andendekisye alikohoa mara mbili kabla ya kukata kona yoyote ya korido, na Lea, akisikia kikohozi hicho, aliingia chumba kilichokuwa karibu, hata kiwe stoo ya mashuka. Mitungi ya oksijeni ya wodi zote aliipeleka mwenyewe, ila ya wodi ya wazazi alimtuma fundi mwenzake. Lea hakuwahi kupita njia ya nyuma, penye banda la mtambo.

Gari lilikuwa sehemu ya utaratibu huo. Wote wawili wanaishi Ilomba, Lea upande wa juu, wazazi wa mumewe upande wa chini, na asubuhi nyingi mzee alikwenda kazini kwa miguu akifuata barabara kuu. Mume wa Lea, Rabson, ni fundi wa malori kwenye gereji moja ya Ipogolo, Iringa, na hurudi Mbeya mara mbili kwa mwezi. Alimwachia mkewe Toyota ndogo ya kijivu ambayo aliifufua mwenyewe kutoka kwenye chuma chakavu. Ndani ya gari hilo, vioo vimefungwa, Lea aliweza kumpita baba mkwe wake bila ya kumwona. Mzee aliujua mlio wa injini ile. Akiusikia aligeukia ukingoni na kusimama hivyo, mgongo barabarani, hadi lipite.

Mimba ya kwanza ilitoka ikiwa na wiki kumi na nane. Ya pili ilifika wiki kumi na tisa. Siku kumi na sita kabla ya kuipoteza hiyo ya pili, umeme ulikatika, korido ya chumba cha upasuaji ikawa na giza la mchana wa mvua, na Lea akakata kona akiwa anakimbia na chupa mbili za damu. Mzee alikuwa pale, mtungi begani, anahema. Pumzi ya kukohoa hakuwa nayo. Waliangaliana kwa muda ambao haukufika sekunde mbili.

Daktari alimwambia kwamba mlango wake wa kizazi ni dhaifu, unafunguka kabla ya wakati. Lea alikubali. Yeye mwenyewe aliwahi kuwaeleza wanawake wengine tatizo hilo hilo, kwa maneno hayo hayo. Alijikumbusha pia kwamba mimba ya kwanza ilitoka bila ya yeye kukutana na mtu yeyote. Lakini zile siku kumi na sita alizihesabu, na hakuweza kuacha kuzihesabu.

Mwezi Juni mwaka jana alikuwa na mimba ya tatu, wiki kumi na nne, na mlango wa kizazi umeshonwa. Daktari alimkataza bodaboda, kwa sababu ya mitikisiko, na kutembea mwendo mrefu. Waliojua habari hiyo walikuwa daktari, Rabson na Yusta. Lea aliamini, bila kulisema, kwamba kila mdomo utakaoitaja mimba hiyo utaipunguzia siku.

Mwezi huo huo gari la wagonjwa lililotoka Mbalizi na mama aliyekuwa akitokwa na damu lilikwama ndani ya geti la hospitali. Magari ya wafanyakazi yalikuwa yamejaa hadi kwenye njia ya dharura, yameegeshwa hili nyuma ya lile. Dakika tisa zilipita wakitafutwa wenye funguo. Mama alipona, lakini kizazi chake kilitolewa, na mtoto hakupona. Lea ndiye aliyempokea. Alipovua glavu mlinzi Philbert alikuwa mlangoni akisoma namba za magari yaliyotakiwa kuondolewa. La tatu lilikuwa la kwake.

Uongozi ulihesabu na kukuta kwamba magari mengi yanayoingia asubuhi yana mtu mmoja. Ukaja mpango wa kuhimiza watu waje kazini kwa njia nyingine. Lilijengwa banda la baiskeli. Wanaokaa karibu walianzisha kundi la kutembea pamoja. Basi dogo la hospitali lilianza kuwachukua wa zamu ya usiku kwa njia mbili, ila Ilomba haikuwemo. Na wenye magari walitakiwa kubebana: gari lenye watu wawili au zaidi liingie geti la mbele, lenye mtu mmoja liende uwanjani, nje ya uzio, chini ya mteremko. Kila asubuhi Philbert aliinama dirishani, akahesabu vichwa.

Aliyepewa kazi ya kupanga nani apande na nani ni Muhidini, ofisa usafirishaji, kijana wa Iringa mjini ambaye babu zake walikuja kutoka pwani kufanya biashara. Alikuwa mtu wa orodha. Alizunguka wodi zote na daftari akiuliza watu wanakaa wapi na wanatoka saa ngapi. Kwenye kikao Lea alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuunyooshea mpango mkono. Baada ya dakika zile tisa asingeweza kufanya vinginevyo. Alidhani atapewa muuguzi mwenzake.

Ijumaa jioni orodha ilibandikwa ukutani. Lea alisogeza kidole hadi Ilomba. Gari la kijivu, dereva Lea. Kituo, mashine ya kusaga. Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Abiria alikuwa mmoja kwa kuanzia, na jina lake lilikuwa lile ambalo Lea hakuwahi kulitamka.

Muuguzi aliyesimama nyuma yake alimuuliza amepangiwa nani. Lea alisema hajaona vizuri.

Jumamosi na Jumapili alitafuta njia ya kutokea. Kumweleza Muhidini? Ingejulikana hospitali nzima kwamba mkunga mwenye diploma anamwogopa mzee wa watu kwa sababu ya maneno ya jikoni. Kuomba ruhusa ya daktari? Barua ingetaja mimba. Bodaboda ilikuwa imekatazwa. Kuliegesha gari uwanjani peke yake, baada ya kuunyooshea mpango mkono, kungewafanya watu waulize. Na kumbeba? Alijaribu kuiona picha hiyo, mzee kwenye kiti cha pembeni, magoti yamegusa dashibodi, pumzi za watu wawili kwenye vioo vilivyofungwa. Alikwenda chooni kuangalia kama ametokwa na damu. Hakuwa ametokwa na kitu.

Jumatatu ukungu ulikuwa umelala hadi barabarani. Aliendesha polepole kuelekea mashine ya kusaga akiwa bado hajaamua. Ile kofia ya sufu aliiona kutoka mbali. Mzee hakuwa kituoni. Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mgongo kwenye gari, uso kwenye ukuta wa duka lililofungwa. Lea alipunguza mwendo. Mzee hakugeuka. Mguu wa Lea ukakanyaga mafuta, na gari likapita.

Hapo tu ndipo alipoelewa kwamba amefanya jambo lingine, labda baya zaidi. Alikuwa amemwacha mkubwa kwenye baridi, mbele ya mashine ya kusaga yenye foleni ya wanawake na ndoo zao za mahindi.

Philbert alihesabu kichwa kimoja akamwelekeza uwanjani. Saa tatu Muhidini alikuja wodini na kumwita pembeni. Alimsalimia Kihehe, kama ilivyokuwa kawaida yao watu wa Iringa.

"Kamwene, dada. Mbona umemwacha mzee wa watu kwenye baridi?"

"Amelalamika?"

"Hajasema neno. Philbert kaniambia umeingia peke yako."

Lea aliangalia kama mlango umefungwa. "Yule ni baba mkwe wangu."

"Basi si ndiyo vizuri? Mzazi wako huyo. Mnapiga stori hadi getini."

Ikabidi amweleze. Aliongea haraka na kwa kifupi, akaacha habari ya tumbo. Muhidini aliweka kalamu mfukoni. Kwao mkwe ni mtoto wa nyumbani. Mama yake huletewa uji na wakwe zake na kuwatania kwamba hauna sukari. Alisema ameishi na Wanyakyusa miaka saba na hakuna aliyewahi kumwambia. Aliomba radhi, akaahidi atalifuta lile jina siku hiyo hiyo, na kwamba sababu ataijua yeye tu. Kisha akasimama pale pale, kama mtu ambaye hesabu yake haijakaa sawa.

"Lakini dada, mimi sikumpanga," alisema. "Alikuja mwenyewe. Alinifuata ofisini akasema gari la kijivu la Ilomba."

Wiki hiyo ndiyo Lea anayoiita mbaya kuliko zote, na humo hahesabu wiki alizopoteza mimba. Mtu aliyekohoa kwenye kona kwa miaka sita, aliyegeukia ukingoni kila asubuhi, alikuwa amekwenda ofisini kuomba kukaa naye ndani ya gari. Alitaka nini? Alilijua tumbo lile, Yusta asingemficha. Alitaka kumjaribu aone kama ataivunja desturi? Alikuwa amechoka na mkwe asiyezaa, akitafuta njia ya kumwambia mwanawe aoe mwingine? Lea alikuwa amewahi kusikia habari za wazee wa namna hiyo, ingawa alipojaribu kukumbuka ni nani aliyemsimulia, hakumpata.

Jumatano tumbo lilimkaza akiwa anamzalisha mwanamke mwingine. Alimaliza kazi, akanawa, akaenda kupimwa. Mtoto alikuwa hai na uzi ulikuwa umeshika. Daktari alimwambia apumzike, asiwe na mawazo.

Jioni alimpigia Rabson. Mumewe alikuwa chini ya lori, akatoka, akasikiliza yote. Lea alimwomba amuulize baba yake. Nyuma yake ilisikika nyundo ikigonga chuma.

"Siwezi kumuuliza mzee kitu kama hicho," alisema mwishowe. "Naanzaje? Muulize mama."

Hakuhitaji kumuuliza. Jumapili baada ya ibada Yusta alikuja na kikapu cha ndizi mbichi, akakaa kwenye kiti cha jikoni, akamwangalia mkwe wake usoni kwa muda.

"Umekonda," alisema. "Nasikia ulimpita baba yako Jumatatu."

Lea alipiga magoti kuomba msamaha. Yusta alimshika mkono akamwinua, akamwambia mwanamke aliyeshonwa hapigi magoti, na aketi. Halafu akamweleza kilichotokea, kwa mpangilio, kama alivyoeleza mengine yote.

Mwezi Mei, Lea alipokuwa kwenye zamu za usiku, Andendekisye naye alikuwa kwenye zamu hizo. Asubuhi moja alikuwa akirudi nyumbani kwa miguu, saa mbili na nusu, amekaribia Ilomba, aliposikia mlio anaoujua. Aligeukia ukingoni kama kawaida. Lakini mlio haukupita sawasawa. Ulivuka kwenda upande wa pili, honi ya lori ikalia, na mlio ukarudi. Aligeuka baada ya gari kupita akaona alama za matairi ya lori kwenye lami. Siku nne baadaye ikawa tena. Mara ya tatu hakungoja mlio upite. Aligeuka akaangalia, akaona gari la kijivu linakwenda juu ya mstari mweupe, na kichwa cha dereva kimelalia upande mmoja.

"Alikuangalia," Yusta alisema. "Alikuja kuniambia hilo kwanza, kabla ya mengine. Kwamba amekuangalia."

Kumwambia Lea hakuweza. Kumwambia Rabson aliogopa, kwa maana Rabson angemtaka mkewe aache kazi aende Ipogolo. Mpango wa kubebana ulipotangazwa aliona njia. Alikwenda kwa Muhidini kuomba kwamba mke wa mwanawe apewe mtu wa kukaa naye garini. Ila jina la mke wa mwanawe hakuweza kulitamka, na kusema ni mkwe wake mbele ya kijana asiyemfahamu aliona ni kumwanika. Basi akasema tu: gari la kijivu la Ilomba, linahitaji mtu. Muhidini alimuuliza anakaa wapi. Akajibu, Ilomba. Muhidini akaandika, akamwambia tayari, Jumatatu saa kumi na mbili na robo, mashine ya kusaga. Mzee alishukuru. Ukutani hakwenda kusoma. Jumatatu alitoka mapema akasimama ng'ambo, mgongo barabarani, asikilize kama gari litasimama na mlango utafunguliwa.

"Lilipopita bila kusimama akarudi nyumbani. Chai hakunywa," Yusta alisema. "Akasema, bado yuko peke yake."

Lea alichukua ndizi kikapuni akaanza kuimenya. Alikuwa akijaribu kuikumbuka honi ya lori. Alikumbuka kutoka getini zile asubuhi za Mei, alikumbuka kufungua mlango wa nyumba. Katikati, kuanzia Mafiati hadi Ilomba, hapakuwa na kitu. Hakukumbuka kona, wala tuta, wala lori. Alirudia mara nyingi, akiwa amekaa pale na maganda ya ndizi mkononi, na kila mara barabara ilikatika mahali pale pale. Kwa miaka sita alikuwa ameogopa kuuona uso wa mtu. Sasa alielewa kwamba mara tatu alikuwa amefumba macho mbele ya malori ya Tunduma, akiwa na mtoto tumboni, na kwamba aliyejua ni mtu mmoja tu, aliyekuwa amempa mgongo.

Jumatatu alikwenda kwa Muhidini kabla ya kuingia wodini, akaomba mtu. Akapewa Mwantumu, mfuaji wa mashuka ya hospitali, mjane wa miaka hamsini na miwili anayekaa karibu na msikiti wa Ilomba, na zamu zao zikapangwa ziende sambamba. Mwantumu alikuwa akija kwa bodaboda, na alisema wazi kwamba alichoka kufika kazini na vumbi la barabara masikioni. Aliongea tangu anapofunga mlango hadi anapoufungua. Alimuuliza Lea kama gari limepakia mayai. Alimuuliza kama Kalenga ndiko watu wanakofundishwa kuendesha kama wanasindikiza maiti. Wiki ya pili alimwambia, bila kugeuza shingo, kwamba mwanamke anayeshika usukani kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono mwingine asidhani wenzake ni vipofu, na kwamba siri hiyo ataitunza. Tumbo halikupunguziwa siku kwa kutajwa na mdomo huo. Lilisonga mbele kama kawaida.

Muhidini aliahidi kwamba basi dogo la zamu ya usiku litafika Ilomba mwezi Agosti. Kabla ya hapo Lea alibakiwa na zamu nne za usiku. Baada ya ile ya tatu, asubuhi ya Julai yenye jua kali na baridi, Mwantumu alikuwa akisimulia habari ya harusi ya mpwa wake wa Iringa. Anasema alifika kwenye pilau akaona hajibiwi hata kwa mguno. Aligeuka. Macho ya Lea yalikuwa wazi. Hilo ndilo analolirudia kila anaposimulia: yalikuwa wazi, na hayakuwa yakiangalia chochote. Mbele, lori lililobeba shaba lilikuwa linapanda, na gari la kijivu lilikuwa limeshagusa mstari.

"Lea," alisema, na akavuta usukani.

Walisimama kwenye majani, gurudumu moja mtaroni. Lori lilipita na upepo wake ukalitikisa gari. Hakuna aliyeumia. Lea alishika tumbo kwa mikono yote miwili akangoja. Alingoja muda mrefu, Mwantumu naye akiwa kimya kwa mara ya kwanza tangu waanze kusafiri pamoja, mpaka mtoto alipogeuka ndani.

Zamu ya nne hakuendesha. Waliomba lifti kwa daktari anayekaa Uyole. Agosti basi likaanza, na gari la kijivu likabaki kuwa la zamu za mchana tu, na wakati wote na watu wawili au watatu. Asubuhi lilimpita mzee akitembea, akageukia ukingoni kama zamani. Kituo cha mashine ya kusaga kilikuwa mbele yake kidogo. Hapo milango ilisikika ikifunguliwa na kufungwa.

Mtoto alizaliwa mwishoni mwa Oktoba, wiki ya thelathini na tatu, msichana wa kilo moja na gramu mia tisa. Hakulia mara moja. Lea, aliyekuwa amesikia ukimya wa namna hiyo mara nyingi akiwa upande mwingine wa kitanda, alihesabu sekunde kwa sauti hadi alipoambiwa anyamaze. Mtoto alipelekwa wodi ya watoto njiti na kuwekewa mpira wa oksijeni puani.

Siku ya pili, saa nane mchana, umeme ulikatika na mtambo ukasimama. Jenereta lilichelewa. Fundi mwingine alikuwa likizo. Lea alikuwa amekaa kando ya mtoto, amemkumbatia kifuani ngozi kwa ngozi, mpira wa oksijeni umepita juu ya bega lake, akiziangalia mbavu ndogo zikiingia ndani kila pumzi. Pumzi zilianza kuwa fupi. Ndipo akasikia magurudumu ya toroli kwenye korido, na kabla ya mlango, kikohozi. Mara mbili.

Mwili wake ulianza kuinuka. Miaka sita ilikuwa imeufundisha hivyo. Lakini kuinuka kulikuwa na maana ya kumwondoa mtoto kwenye mpira. Alikaa. Akageuza uso ukutani.

Toroli lilisimama nje. Mlango haukufunguliwa. Muuguzi wa zamu alitoka, akaingia akivuta mtungi, akaunganisha. Nje sauti ya mzee iliuliza, taratibu, ikimwelekea muuguzi:

"Utamtosha?"

Muuguzi aliangalia geji, kisha akamwangalia Lea, kwa kuwa Lea alijua zaidi yake.

"Mwambie utamtosha," Lea alisema, uso ukiwa bado ukutani. "Mwambie ikishuka chini ya robo tutamwita."

Muuguzi hakuhitaji kupeleka ujumbe. Mlango ulikuwa wazi nusu. Kikohozi kilisikika tena, mara moja, na toroli likaondoka. Kwa siku tisa baada ya hapo Lea alilala vipande vipande, akiamka kuangalia kifua kile. Mara mbili kilisimama na mara mbili wakakigusa kikaanza tena. Siku ya kumi mpira uliondolewa. Siku ya ishirini na moja waliruhusiwa.

Rabson alikuja kutoka Iringa kuwachukua. Aliendesha yeye. Yusta alikaa mbele. Lea, mtoto na Mwantumu walikaa nyuma, na Mwantumu alikuwa na maneno kuhusu namna wanaume wa Ipogolo wanavyobadilisha gia. Gari lilishuka kuelekea geti la mbele. Penye njia ya nyuma alisimama mtu mrefu mwenye kofia ya sufu. Aliposikia mlio aligeukia ukuta wa banda la oksijeni, akabaki hivyo hadi geti lilipofungwa.

Halafu, Philbert anasimulia, mzee alishuka hadi kwenye kibanda cha ulinzi na kumuuliza lile gari la kijivu lilikuwa na watu wangapi.

"Wanne, mzee," Philbert alimjibu. Kisha akakumbuka khanga iliyokuwa mikononi mwa yule wa nyuma, akajisahihisha. "Watano."